Farasi akipanda juu ya ngome: majibu ya maswali yenu

Tangu nigusie sataranji ya kuunganisha tunayoicheza jioni chini ya mwarobaini hapa Magomeni, maswali yamekuja mfululizo, mengine kwa ujumbe, mengine nimesimamishwa nayo njiani. Kwa ambaye hakusoma mara ile: ubao ni ule ule wa miraba 64, kete ni zile zile na zinapangwa kama kawaida. Tofauti ni kwamba kete zako mbili zinaweza kukaa kwenye mraba mmoja zikawa kete moja yenye uwezo wa zote mbili, na baadaye zikaachana. Wazo hili si la kijiwe chetu. Fergus Duniho alitunga mchezo wa namna hii mwaka 1999 akauita Fusion Chess, na zipo aina nyingine. Sisi tumechukua wazo, tukaweka sheria zinazotufaa. Ninazozijibia hapa ni hizo.

Shikamoo mwalimu. Naomba unieleze taratibu, kuunganisha kunafanyikaje hasa? Tumejaribu huku Tandika tukaishia kubishana. (Kijana wa Tandika)

Marahaba. Kubishana huko kunatokana na kuanza kucheza kabla ya kukubaliana, kwa hiyo someni hapa wote wawili, ndipo mpange kete.

Kete zinazoungana ni za aina tatu tu: ngome, askofu na farasi. Askari haungani na mtu. Mfalme haungani na mtu. Na zinazoungana lazima ziwe za aina tofauti, maana ngome mbili zikikaa pamoja hazipati uwezo wowote mpya.

Ili kuunganisha, unaisogeza kete moja kwa mwendo wake wa kawaida mpaka kwenye mraba wenye kete yako nyingine. Farasi wako yuko b3 na ngome iko a1 (herufi ni njia ya wima, namba ni mstari wa mlalo)? Farasi anaruka kutoka b3 hadi a1, anakaa na ngome, na zamu yako imekwisha. Kuanzia zamu inayofuata, kete hiyo inaweza kwenda kama ngome au kama farasi, utakavyochagua, lakini kwa zamu moja inakwenda mwendo mmoja. Huwezi kuanza kama ngome ukamalizia kama farasi. Nimewaona watu wazima wakijaribu hilo kwa uso mkavu kabisa.

Kutenganisha nako ni zamu nzima. Kete moja inaondoka kwa mwendo wake, nyingine inabaki palepale. Inayoondoka inaweza kula kete ya adui huko iendako, na inaweza pia kutua juu ya kete yako nyingine iliyo peke yake na kuungana nayo. Farasi anaweza kushuka kwenye ngome na kutua kwa askofu kwa zamu ileile.

Mwisho ni mbili. Kete tatu haziungani. Mkiruhusu ngome, askofu na farasi wakae pamoja, mtapata kete inayofika miraba 35 kutoka katikati ya ubao mtupu, na yeyote atakayeipata kwanza amemaliza mchezo. Tuliijaribu juma moja tukaitupa.

Na malkia? Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Malkia ni ngome na askofu waliokwisha kuungana tangu mwanzo. Mwangalie anavyotembea: wima na mlalo kama ngome, mshazari kama askofu, basi, hana kingine. Kwa hiyo malkia naye anaweza kutengana, akakuachia ngome moja na askofu mmoja. Tunaanza na malkia mezani na wawili hao pembeni ya ubao, tayari kwa siku watakapoachana.

Kwa sababu hiyo hiyo, askari wako akifika mstari wa mwisho anageuka ngome, askofu au farasi. Hageuki malkia moja kwa moja. Ukitaka malkia, muunganishe mwenyewe.

Kete iliyoungana ikiliwa, inaliwa yote au ile ya juu tu? (Msomaji, Mbagala)

Yote.

Najua kuna meza ambazo anayeliwa anaruhusiwa kuokoa moja. Msifanye hivyo. Hofu ya kupoteza mbili kwa mkupuo mmoja ndiyo inayomfanya mtu afikiri kabla ya kuunganisha. Ikiondolewa hofu hiyo, kila mtu ataunganisha kila kitu kufikia zamu ya kumi.

Kaka, kwa maoni yako ungano lipi ni bora? Rafiki yangu anasema malkia, mimi nasema ngome na farasi. (Msomaji, Sinza)

Swali hili nimelala nalo mara nyingi, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Vijana wa kijiweni wamezipa kete hizi majina. Ngome na farasi wanaiita mwendokasi, kwa sababu inanyoosha njia yake kama basi la Barabara ya Morogoro, na pia inaruka foleni. Askofu na farasi wanamwita popo, yule ambaye si ndege wala si mnyama. Nitatumia majina hayo.

Tuanze na hesabu. Weka kete d4 kwenye ubao mtupu uhesabu miraba inayofikia. Malkia anafika 27, mwendokasi 22, popo 21. Kwa hesabu hiyo rafiki yako ameshinda. Sasa zisogeze pembeni kabisa, a1. Malkia anabaki na 21, mwendokasi 16, popo anaanguka hadi 9. Sababu yake ni kwamba ngome inafikia miraba 14 popote iwapo, hata kona, ilhali askofu na farasi wote wawili wanadhoofika wakisukumwa ukingoni. Ukimwunganisha popo, mlete katikati. Popo wa kona ni hasara.

Lakini idadi ya miraba haisemi kila kitu. Askofu akiwa peke yake ni mtumwa wa rangi moja: akianza kwenye mraba mweusi atafia kwenye mweusi. Farasi kila akiruka hubadilisha rangi. Wakiungana, kilema cha askofu kinapona. Ndiyo maana popo akiwa kwenye mraba mweusi, kete iliyojificha kwenye mweupe haipo salama.

Kuna na hili, ambalo nililitambua nikiwa nimekaa peke yangu na ubao, nikaamka kwenda kumwita jirani aje alione. Mweke mfalme wa adui a1, peke yake. Mweke popo wako c3. Askofu anamwona mfalme kupitia b2. Farasi anazilinda a2 na b1. Mfalme hana pa kwenda, na popo ameifanya kazi hiyo bila msaada wa kete yoyote. Malkia hawezi hilo. Mbele ya mfalme aliye peke yake, malkia lazima asaidiwe na mfalme wake au kete nyingine. Mwendokasi naye hawezi.

Wewe na rafiki yako mnabishania nguvu. Mimi ningeuliza mchezo umefikia wapi. Mapema, askari wakiwa wamejaa na njia zimeziba, napenda popo, kwa sababu anaruka. Njia zikifunguka, mwendokasi. Malkia ni wa nyakati zote, na ndiyo sababu sioni haraka ya kumtenganisha.

Kama ngome ni pointi 5 na askofu 3, kwa nini malkia anahesabiwa 9 na si 8? (Mwanafunzi, Ilala)

Swali zuri sana. Ngome na askofu waliotengana nao wanafika miraba 27 wakiwa wote wawili katikati, kwa hiyo malkia hajaongeza mraba hata mmoja. Kilichoongezeka ni kwamba nguvu zote zinafika mahali pamoja kwa zamu moja. Ngome na askofu wakitaka kwenda kushambulia upande wa mfalme wanahitaji zamu mbili, malkia moja. Pia malkia anaweza kushambulia kete mbili kwa mpigo, moja kwa wima na nyingine kwa mshazari, na adui ataokoa moja tu.

Ila kwenye mchezo wetu usisahau upande wa pili wa hesabu hiyo. Kuunganisha kumekula zamu moja. Na ulipokuwa na kete mbili ulikuwa unalinda kutoka sehemu mbili, sasa unalinda kutoka sehemu moja. Askari wa pointi 1 akimtishia malkia wa 9, malkia ndiye atakayekimbia.

Nimepigwa cheki, yaani mfalme wangu anashambuliwa. Naruhusiwa kutenganisha ili nijikinge? Mwenzangu alikataa tukavunja mchezo. (Msomaji, Temeke)

Unaruhusiwa, na mwenzako alikosea. Kutenganisha ni hatua halali kama nyingine. Kinachotakiwa ni kwamba ikimalizika, mfalme wako awe salama. Kikwazo ni kile kile cha siku zote: kama kete inayoondoka inamwacha mfalme wazi, haiondoki.

Tazama uzuri wake. Mfalme wako yuko e1. Ngome ya adui iko e8 na njia yote ya e ni tupu, umepigwa cheki. Malkia wako yuko d3, na alikuwa anaitishia njia ya d mpaka d8. Kwenye sataranji ya kawaida malkia angeingia e2, e3 au e4 kukinga, na njia ya d ingebaki bila mtu. Hapa askofu anatoka ndani ya malkia, anashuka e2 kumkinga mfalme, na ngome inabaki d3 ikiendelea kuitazama d8. Umejikinga na bado tishio lako liko palepale.

Kutenganisha kwa kushambulia ni kukali zaidi. Mwendokasi wako yuko d5. Malkia wa adui yuko a5, analindwa na askari wa b6, na kati yenu, b5 na c5, hakuna kitu. Mfalme wa adui yuko g8. Ukimla malkia na mwendokasi wako, askari wa b6 atakula mwendokasi, mmebadilishana vikubwa kwa vikubwa. Subiri. Mtoe farasi peke yake kutoka d5 hadi e7. Farasi anapiga cheki, na cheki ya farasi haikingwi kwa kuingiza kete katikati. Kama hakuna kete ya adui inayomfikia pale e7, mfalme lazima asogee. Akishasogea, ngome yako iliyobaki d5 inamla malkia a5. Adui akiila ngome kwa askari, ametoa 9 amepata 5. Mfalme akiwa amekwenda f8 na akachagua kumla farasi badala yake, amepata 3. Vyote viwili hawezi, zamu ni moja.

Mtu akiona jambo hilo mara ya kwanza kwenye ubao wake mwenyewe hufurahi kama aliyekwenda mtaji mrefu kwenye bao. Nimeliona kwenye nyuso za watoto wa darasa la tano.

Kwa nini mfalme hamumruhusu kuungana? Naye si kete? (Msomaji, Kigamboni)

Duniho kwenye mchezo wake anamruhusu. Wajapani nao, kwenye shogi, wana kete inayofanana na hiyo: ngome ikipandishwa cheo hupata mwendo wa mfalme juu ya wake, ingawa yenyewe haiwi mfalme. Kwa hiyo si wazo baya. Sisi tulilikataa kwa sababu mfalme mwenye miguu ya ngome anakimbia ubao mzima na michezo ikawa haiishi kabla ya adhana ya magharibi. Wenye muda mwingi zaidi wajaribu.

Naweza kufanya kasling (mfalme na ngome kusogea kwa zamu moja) na ngome iliyounganishwa? (Msomaji, Ubungo)

Ikiwa imeungana, hapana. Farasi au askofu akishuka, na ngome yenyewe haijawahi kuondoka kona yake, inaruhusiwa. Ngome iliyotoka ndani ya malkia hairuhusiwi kamwe.

Tunatumia kete za plastiki, farasi hakai juu ya ngome. Mnafanyaje? Na kama nimegusa ya juu tu, nimecheza? (Msomaji, Mwananyamala)

Kwenye drafti hili lilitatuliwa zamani: kizibo kikiingia kingi kinawekewa kizibo kingine juu, na kila mpita njia anaelewa. Tumeiga huko. Kete mbili zilizoungana zinasimama pamoja juu ya kizibo kimoja cha soda kilichogeuzwa. Miraba ikiwa midogo, kete moja inabaki ubaoni juu ya kizibo, na ndani ya kizibo tunaweka alama: punje ya mchele kwa farasi, kunde kwa askofu, mhindi kwa ngome. Msitumie karatasi, upepo wa jioni hautawaacha.

Kuhusu kugusa, nalikazia sana. Kijiweni kugusa ni kucheza, na kwenye mchezo huu sheria hiyo ikitumiwa hivi hivi itamwonea mtu, maana anayetaka kusogeza zote mbili naye lazima aguse. Kwa hiyo anayetenganisha anasema kwanza kwa sauti, "natenganisha, farasi anatoka," ndipo anyooshe mkono. Asiposema, amesogeza zote mbili. Tangu tuweke kanuni hiyo sijasikia ugomvi wa mkono tena.

Nimesikia kuna sataranji ambayo hakuna kula, kete za maadui ndizo zinaungana. Ni kweli au ni porojo? (Msomaji, Kinondoni)

Ni kweli, unaitwa Paco Ŝako, jina la Kiesperanto lenye maana ya sataranji ya amani. Aliubuni Mholanzi Felix Albers. Kete zake zimechongwa ili nyeupe na nyeusi zikumbatiane. Unapofika kwenye mraba wa adui humli, mnaungana, na tangu hapo kila mmoja wenu anaweza kuusogeza muungano huo kwa mwendo wa kete yake mwenyewe. Kete nyingine yako ikija pale, inachukua nafasi ya mwenzake, na aliyeachiliwa anaendelea na safari kwa zamu ileile, kwa hiyo zinaweza kutokea kete nne, tano kupokezana kwa mkupuo mmoja. Anayeungana na mfalme wa mwenzake ameshinda.

Ni mchezo tofauti na wetu, usichanganye sheria. Nimeucheza kwa kete za kawaida zilizowekwa bega kwa bega, na minyororo ile ya kupokezana ilinichosha akili kwa namna niliyoipenda.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka kumi na moja na anajiandaa kwa mashindano ya shule. Mwalimu wake anasema michezo hii ya kubuni itamharibu, asahau sataranji halisi. Nimkataze? (Mama, Tabata)

Nzuri mama. Usimkataze, ila nakuelewa wewe na namwelewa mwalimu wake, kwa hiyo nijibu kwa kirefu kidogo.

Hiyo tunayoiita halisi nayo ilibuniwa, kipande kwa kipande. Kwenye shatranji ya Waarabu na Waajemi hapakuwa na malkia. Palikuwa na waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Mahali pa askofu palikuwa na tembo, aliyeruka mraba wa pili kwa mshazari. Malkia huyu wa leo, ngome na askofu ndani ya vazi moja, aliingia mchezoni mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya. Wazee wa siku zile bila shaka walinung'unika.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1617 kasisi wa Italia, Pietro Carrera, alipendekeza ubao mpana zaidi wenye kete mbili mpya: ngome iliyoungana na farasi, na askofu aliyeungana na farasi. Ndio mwendokasi na popo wa vijana wetu, zaidi ya miaka 400 iliyopita. Katika miaka ya 1920 José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alipendekeza kete hizo hizo kwenye ubao wa miraba 80. Mwaka 2007 bingwa mkubwa wa Marekani, Yasser Seirawan, na Bruce Harper walizileta tena kwenye ubao wa kawaida. Hawa si watu waliosahau sataranji.

Sasa upande wa mwalimu. Kuna madhara mawili niliyoyaona kwa watoto wangu mwenyewe wa kijiweni. La kwanza, mtoto aliyezoea kuunganisha husogeza farasi kwenye mraba wenye ngome yake katikati ya mashindano, na hapo anaonywa kwa hatua batili. La pili, husahau kwamba askari akifika mwisho anaweza kuwa malkia. Yote mawili yanazuilika. Juma mbili kabla ya mashindano acheze ya kawaida peke yake. Baada ya hapo arudi kwenye kuunganisha kadiri apendavyo.

Na atakachorudi nacho ni hiki: atamwangalia malkia na kuona ndani yake ngome na askofu, na atakuwa akijiuliza kila zamu ni yupi kati yao anafanya kazi na yupi amekaa bure. Hilo darasani nimelifundisha kwa mdomo kwa miaka bila kueleweka vizuri. Mtoto aliyemtenganisha malkia kwa mikono yake analielewa kwa jioni moja.

Akiwa tayari, mlete Jumamosi baada ya saa kumi alasiri. Mwambie aje na vizibo vyake sita, vyetu vimepungua.